Hema Palipo na Mtandao

Zuurakan alikuwa akikunja mazulia ya sufu. Zilibaki siku kumi familia ipande na kondoo kwenye malisho ya kiangazi, milimani. Mwanawe Melis aliingia akitabasamu, simu mkononi.

"Mama, tuhame mtandao! Nimejaribu laini ya kampuni mpya hapa kijijini. Vijiti vyote vya mtandao vimejaa. Na dakika wanatoa nyingi."

"Hapa kijijini," alisema Zuurakan. "Kwani Aijamal atajifungulia hapa kijijini?"

Melis alishusha simu. Mkewe Aijamal alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku zake zingetimia wakiwa juu, kwa kuwa nyumba nzima huhama. Mkunga angekuwa huku chini, mwendo wa saa mbili kwa gari. Simu ndiyo ingemwita.

Zuurakan alimwita jirani yao, Burulcha, aliyefanya kazi miaka mingi katika duka la simu.

"Ramani ya kampuni inaonyesha mtandao mpaka kileleni," Melis alijitetea.

Burulcha alicheka. "Ramani ni ya kukudokeza tu, Melis. Mlima ukisimama kati yako na mnara, huna simu. Jaribu pale utakapoishi. Tena usihesabu vijiti, piga, uongee. Jaribu mchana, jaribu jioni. Na namba yako usiihamishe kwanza. Chukua laini mpya pembeni, ukiridhika ndipo uhame."

"Kesho napanda," alisema Zuurakan.

"Mama, na magoti yako hayo?"

"Atakayetumia magoti ni farasi. Mimi nitakaa tu."

Kesho yake mama na mwana walipanda na simu mbili. Bondeni kando ya kijito, mahali pao pa kusimamisha hema miaka yote, laini mpya ilionyesha vijiti viwili. Zuurakan alimpigia Burulcha. Kimya. Akapiga mara tano zaidi. Kimya. Laini yao ya zamani nayo ilikatakata maneno. Melis aliinamisha kichwa.

"Usiinamishe kichwa, inua simu," mama alisema. "Twende."

Wakapanda mteremko, wakipiga kila baada ya hatua hamsini. Walipofika kwenye zizi la mawe, laini ya zamani ilisikika safi. Wakangoja hadi jioni, wakapiga tena. Safi. Laini mpya ilibaki bubu.

"Hema litakaa hapa," alisema Zuurakan.

"Mama! Babu aliliweka kule chini, na baba vilevile. Huku maji yako mbali!"

"Babu yako hakuwa na simu. Na wewe una mabega."

Basi hawakuhama mtandao; walihamisha hema. Siku hema lilipokwisha kusimama, Zuurakan aliingia ndani, akapiga kwa laini ya zamani mara nyingine, ikasikika safi. Hapo ndipo roho yake ilipotulia.

Mwezi wa Julai, adhuhuri, wakati wa kukamua maziwa ya farasi majike, uchungu ulimshika Aijamal. Zuurakan alipiga simu akiwa amemshika mkono. Iliita mara mbili tu, mkunga akapokea. Akawaeleza la kufanya, akapanda gari, akafika kabla ya mtoto.

Alizaliwa msichana. Alilia mpaka mbwa wakaitikia.

"Sauti safi," alisema Melis, akijifuta macho.

"Na haikatiki," Zuurakan alijibu. "Haya, kachote maji."