Kufuli la Kishingo

Sikilizeni, watoto. Mwenye kuku na amkumbatie kuku wake.

Mwajabu aliishi na Bibi yake. Banda lao lilijaa kuku. Kwee, kwee, waliimba asubuhi.

Aliyempenda zaidi ni Kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni.

Kiangazi kikafika. Kideri, ugonjwa wa kuku, nacho kikafika. Hakionekani. Hakina huruma.

Khe, khe, kuku wakakohoa. Shingo zikapinda. Wakafa mmoja mmoja.

“Bibi, kideri kimeingiaje?”

“Mwili wa kuku una mlango, mke mwenzangu. Mlango una kufuli.”

Kideri huchonga ufunguo.
Mwili hubadili kufuli.

Mjomba Sefu akaja na kisu.

“Kuku akikohoa, huliwa kabla hajafa,” akasema. “Ndivyo tufanyavyo siku zote.”

Khe, akakohoa Kishingo.

“Huyo naye. Mlete.”

Mwajabu akamkumbatia Kishingo. “Huyu bado anapigana, Mjomba.”

“Kesho utamzika.”

“Basi nitamzika. Leo simtoi.”

Bibi akamtazama mwanawe. “Sefu, mama yake Kishingo alikohoa hivi hivi. Akapona. Nawe ukamla.”

“Alikuwa mtamu, Mama.”

“Ulimla pamoja na kufuli lake. Mayai yake yangetupa kuku wangapi wa kufuli lile?”

Mjomba akageuka. Akaondoka na kisu chake.

Asubuhi, Kishingo akasimama. Kwee, akaita. Hakuna aliyemjibu. Alibaki peke yake.

Kideri huchonga ufunguo.
Mwili hubadili kufuli.

Mvua ikanyesha. Kishingo akapata jogoo wa jirani. Akataga, akaatamia. Chiu, chiu, banda likasema tena.

Kiangazi kikarudi. Kideri nacho kikarudi, na ufunguo mpya.

Vifaranga wengine wakafa. Mwajabu akawazika nyuma ya banda. Hakuna aliyemwambia asilie.

“Mama yao alishinda, Bibi. Mbona hawa wamekufa?”

“Kideri nacho hujifunza. Hakichoki.”

“Na sisi?”

“Umewahi kuniona nimechoka?”

Mjomba Sefu akaja. Hakushika kisu. Alibeba pumba kwenye kopo.

“Wapeni hawa waliopona,” akasema taratibu. “Wasiliwe.”

Jua likazama. Vifaranga waliopona wakaingia chini ya bawa la Kishingo. Chiu. Chiu. Kimya.

Mwajabu akafunga banda, akaenda kulala.

Huko nje, kideri kinachonga ufunguo.
Humu ndani, chini ya bawa, kufuli jipya limelala.

Nawe lala, mwanangu.