Kipande cha Mpira cha Melkiadi

Haya yalimpata mjomba wangu Evarist mwaka 1998, hapa hapa Mpanda. Alikuwa injinia kwenye mradi wa kukarabati mabehewa. Jumatatu ile alikunywa chai na mihogo kama kawaida, akamuaga mkewe Aneth, akaenda ofisini kuwasha jenereta na kompyuta.

Kazi yake ilikuwa mipira mizito inayokaa chini ya behewa, chuma kisigongane na chuma. Kompyuta iliuchora mpira kama wavu wa miraba midogo, kisha ikaukandamiza kwa hesabu, hatua kwa hatua, mpaka ishirini. Mraba mmoja ukijikunja ukapinduka, hesabu inakatika. Ilikatika hatua ya saba, kila mara.

Vipimo aliletewa na Melkiadi, fundi wa kijiji cha Mwamkulu, rafiki yake tangu shule na msimamizi wake wa harusi. Kipande cha mpira alichokipima alikiacha pale mezani.

"Usikandamize kwa pupa," Melkiadi alimshauri. "Nenda kidogo kidogo."

Mjomba akafanya hivyo. Hesabu ikafika hatua ya kumi. Jioni hiyo Aneth alilalamika kifua kinambana.

Kesho yake mjomba akaigawa miraba ya pembeni iwe midogo zaidi. Hatua ya kumi na tatu. Aneth akashindwa kuinua mkono wa kushoto.

Melkiadi alipita kila siku. "Imefika ya ngapi?" Halafu, kwa sauti ya chini: "Na shemeji anaendeleaje?"

Mjomba aliona huo ni undugu.

Ijumaa, Aneth alijikongoja kumletea chakula cha mchana. Mjomba alikuwa ameuchora wavu upya. Akaianzisha hesabu, akageuka kumpokea. Hatua ya kumi na tano. Aneth akaegemea mlango. Kumi na sita. Bakuli likaanguka. Kumi na saba. Hakuna aliyemgusa, lakini blauzi yake ilikuwa inabonyea kifuani. Taratibu.

Kumi na nane.

Kompyuta ikalia. Hesabu imekatika. Aneth akavuta pumzi.

Mjomba akakumbuka maswali ya Melkiadi ya kila siku: ya ngapi, na shemeji je. Wiki nzima alikuwa anapigana na kosa lile, kumbe ndilo lililokuwa linamwacha mkewe hai.

Akang'oa waya. Akachukua wembe, akakipasua kile kipande cha mpira. Ndani mlikuwa na nywele zilizosukwa na kitambaa cheupe.

"Hicho ni cha shela yangu," Aneth alinong'ona.

Alasiri ile ile mjomba alifika Mwamkulu kwa baiskeli. Alimkuta Melkiadi anakula. Hakukana.

"Nilikwenda kwao kumposa kabla yako, wakanikatalia," alisema. "Halafu wewe ukanipa pete nikushikie."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniachia?"

Mjomba akageuka, akaishika baiskeli yake.

"Mimi nilileta mpira tu, Evarist," Melkiadi akanong'ona, akinawa. "Aliyekuwa anakandamiza ni wewe."

Mjomba aliuchoma ule mpira, akaacha kazi. Melkiadi alihama wiki hiyo hiyo, hatujamwona tena. Aneth akapata nafuu, akarudi shambani.

Mwaka uliofuata alipata kikohozi, akapelekwa kupigwa picha ya kifua. Daktari aliiinua dirishani, akaitazama. Mbavu nne za kushoto zilikuwa zimevunjika, zikaunga zenyewe. Akauliza ni gari gani lililomkanyaga.