Kutu Chini ya Mazulia

Jumamosi ile, saa tatu asubuhi, walikuwepo uani watu watano. Alikuwepo mwenye nyumba, muuza miche, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Miche. Alikuwepo binti yake wa pekee, muuguzi, aliyetoka zamu bila hata kubadilisha viatu. Alikuwepo mjukuu, msichana wa miaka sita. Alikuwepo shemeji, mdogo wa marehemu mume wa Mama Miche, karani mstaafu wa reli. Na alikuwepo fundi wa bodi za magari, mwanamke mwenye mikono mipana, jirani wa nyumba ya tatu. Katikati yao lilisimama gari la buluu lenye umri wa miaka ishirini na sita.

Gari hilo liliitwa Subira. Jina alilitoa marehemu, kwa sababu asubuhi za baridi lilitaka kubembelezwa kabla ya kuwaka. Alikuwa akilipigapiga usukani na kulinong'oneza, "Haya, mama, twende." Likawaka. Tangu afariki, miaka miwili sasa, Mama Miche ndiye aliyelinong'oneza.

Kila siku alipanga trei za miche ndani ya gari, nyingine kwenye buti, nyingine sakafuni nyuma. Aliimwagilia miche kwanza ili isinyauke njiani. Kisha mjukuu alipanda kiti cha nyuma na kufungwa mkanda. Bibi alimpeleka shule, halafu akaenda sokoni.

Siku tatu nyuma, mlango wa nyuma ulikataa kufunga. Mtoto aliusukuma mara tatu. Ulikuwa kama umekua mkubwa kuliko nafasi yake.

"Ni bawaba tu, jirani," alisema Mama Miche. "Ipake grisi, nikupe miche ya pilipili, tuachane salama."

"Pilipili nitaichukua," fundi alijibu, "lakini bawaba haina kosa. Mlango ni ule ule. Nafasi yake ndiyo iliyopinda. Hebu tuliinue."

Aliweka jeki chini ya ubavu wa gari, akaanza kuzungusha. Jeki ilipanda. Gari halikupanda. Ulisikika mlio kama wa mtu anayekanyaga majani makavu, na kichwa cha jeki kikazama ndani ya chuma.

"Jeki hiyo mbovu," alisema shemeji.

"Jeki ni nzima, mzee. Ubovu uko juu yake."

Fundi aliishusha jeki. Akafungua milango yote, akaomba ruhusa ya kutoa mazulia. Mama Miche aliitikia kwa kichwa. Mazulia yale yalikuwa kazi ya mumewe. Miaka yake ya mwisho, kila mwaka kabla ya mvua, alinunua au kukata zulia jipya na kulitandika juu ya lile la zamani. "Naivisha Subira koti," alikuwa akisema.

Zulia la juu lilikuwa la mpira, jeusi. Hilo Mama Miche alilinunua mwenyewe, mwaka wa msiba, kwa sababu hakutaka mwaka ule upite bila koti. Chini yake lilikuwepo jekundu.

"La mwaka niliomaliza chuo," alisema binti kwa sauti ndogo. "Baba alisema viatu vyangu vyeupe visiguse vumbi."

Chini ya jekundu kilitoka kipande cha plastiki chenye miraba ya kijani. Mama Miche alishika kiuno.

"Hiki ni cha jikoni kwangu! Nilikitafuta mwezi mzima. Akaniambia kimeliwa na panya!"

"Panya mwenyewe ndiye huyo aliyekuoa," alisema shemeji, na wote wakacheka, hata fundi.

Lakini kadiri walivyoshuka ndivyo kicheko kilivyopungua. Zulia la nne lilikuwa na unyevu. La tano lililowa kabisa, na harufu ya udongo ikapanda. La mwisho ndilo lililokuja na gari. Pembeni yake uliota mche wa nyanya, mwembamba, mweupe kwa kukosa jua.

"Bibi, gari limeotesha nyanya!" alishangilia mjukuu.

Fundi aliinua zulia hilo. Halikutoka peke yake. Lilitoka na maganda ya chuma, ya kahawia, mepesi kama maganda ya vitunguu. Mtoto alichungulia tundu lililobaki. "Ndala yangu ya jana ile kule chini," alisema.

Hapakuwa na aliyecheka.

"Jirani," alianza fundi taratibu, "maji ya miche yako yana mbolea. Mbolea nyingi ina chumvi. Chumvi na maji vikikaa juu ya chuma, huleta kutu haraka. Zulia la kwanza lililowa. Lilihitaji kutolewa na kuanikwa. Badala yake likafunikwa na la pili, likaja la tatu. Unyevu ukakosa njia ya kutoka."

"Mume wangu alikuwa akilitunza."

"Alilitunza kwa moyo wote. Hilo silipingi. Ila chuma kilicholowa hakitaki koti. Kinataka kukaushwa."

Alitoa mfukoni sumaku ndogo iliyofungwa uzi. Aliigusisha kwenye paa, ikanata. Aliigusisha kwenye mlango, ikanata. Aliigusisha chini ya mlango, kwenye ule mhimili mrefu unaobeba ubavu wa gari. Sumaku ikaanguka, na upande wa pili vilevile. Shemeji akakohoa.

"Hapa si chuma," alisema fundi. "Ni puti, ule uji mzito wa kuziba mashimo kabla ya rangi. Nani aliziba?"

"Sisi," alikiri shemeji. "Mimi na kaka, miaka mitano iliyopita. Tulisokomeza gunia, tukapaka puti, tukapaka rangi. Siku ile tulijiona mafundi kweli kweli. Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta? Nasi ufa tuliuziba!"

"Mliuziba kwa nje, mzee. Gunia likanywa maji na kuyaweka. Kutu ikala kwa raha, bila kuonwa na mtu."

"Mficha maradhi," alinong'ona shemeji, lakini hakuimalizia methali.

Muda huo wote binti alikuwa akikitazama kiti cha nyuma. Ndipo akauliza swali ambalo Mama Miche alilikumbuka baadaye kila alipofumba macho.

"Fundi, mkanda wa mwanangu umeshikwa na nini?"

Fundi alichukua bisibisi, akainama nyuma ya kiti, akaiweka kando ya bolti inayoshika mkanda. Hakupiga nyundo. Alisukuma kwa kiganja tu. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini.

Kuku wa jirani waliendelea kutetea. Mama Miche alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwaka mzima! Mwaka mzima alimfunga mtoto mkanda, akauvuta kuhakikisha, akaondoka ameridhika.

"Mama," alisema binti, "kuanzia leo mtoto hapandi humu."

"Wewe mwenyewe ulipozaliwa ulitoka hospitali ukiwa humu humu! Baba yako aliendesha polepole hata baiskeli zikatupita. Aliogopa mashimo yasikuamshe."

"Najua, mama. Nami nalipenda. Lakini baba aliyeogopa mashimo angeogopa na hili."

Shemeji aliingilia kati. "Jamani, chuma huchomelewa. Si ndiyo kazi yako, fundi? Chomelea vipande vipya, maisha yaendelee."

Fundi alikaa chini pia, mgongo kwenye gurudumu. "Nitasema kwa mfano wa nyumba. Plasta ikibanduka, unaendelea kulala ndani, utapaka siku nyingine. Nguzo zikiliwa na mchwa, hulali. Tundu la kutu kwenye mlango au kwenye bawa la mbele, lile bati la juu ya gurudumu, ni plasta. Mhimili, sakafu, mahali springi inapoegemea, mahali mkanda unapofungwa, hizo ni nguzo."

"Nguzo hubadilishwa," alisema shemeji.

"Hubadilishwa. Mwaka jana nilimfanyia mwalimu wa pale kona. Mhimili wake mmoja ulioza, lakini pande zote palikuwa na chuma kizima cha kushika moto wa kuchomelea. Lile gari lilistahili, na mpaka leo linatembea. Subira ameoza mihimili yote miwili, sakafu, egemeo la springi na penye mkanda. Nikichomelea, nitachomelea juu ya nini? Ni kama kushona kiraka kwenye kitambaa kilichooza. Uzi utabaki mzuri, kitambaa kitachanika pembeni. Na ili kazi hiyo ifanywe kwa haki, ingebidi nitengeneze nusu ya gari upya. Kwa gharama hiyo utapata gari zima jingine lenye afya."

Mama Miche aliokota ganda la kutu, likamvunjikia vidoleni.

"Usiniamini mimi peke yangu," aliendelea fundi. "Mwite fundi mwingine. Wala usimwambie nilichosema. Amua baada ya hapo."

Mama Miche alifanya hivyo. Jumanne alikuja mzee mmoja wa gereji ya upande wa pili wa mji. Alilala chini ya gari kwa robo saa, akatoka akijipangusa.

"Injini safi kabisa," alisema. "Mama, nani aliitunza?"

"Mume wangu."

"Alijua kazi. Lakini mwili huu haubebi tena mtu. Ningekudanganya nikisema vingine."

Wiki hiyo miche ilikwenda sokoni kwa mkokoteni wa kukodi. Mtoto alikwenda shule kwa miguu, ameshika mkono wa bibi, mwendo wa dakika ishirini. Njiani alimwuliza bibi maswali ambayo kelele za Subira hazikuwahi kuruhusu. Babu alikuwa mrefu? Alijua kuimba? Mama Miche alijibu yote, na mengine akaongeza chumvi kidogo.

Ijumaa alasiri aliingia ndani ya gari peke yake. Alishika usukani, pale ngozi ilipolainika kwa viganja vya mumewe. Alikumbuka safari za kupeleka miche ya kwanza, trei tatu tu. Alikumbuka mvua iliyowakuta barabarani, wakala ndizi za kuchemsha ndani huku vioo vimepiga ukungu. Kisha aligeuka, akachukua bisibisi aliyoazima, akainama nyuma ya kiti. Alisukuma mwenyewe. Ikazama.

Jumamosi iliyofuata walikusanyika tena wale wale watano. Shemeji aliwahi kuanza.

"Nimepata mtu, shemeji. Tuzibe kidogo, tupige rangi, analichukua hivi hivi. Hata haulizi."

"Mtu huyo hana mjukuu?" aliuliza Mama Miche.

"Anao," alisema shemeji. "Wawili."

"Basi wewe kaa, mimi niseme."

Mama Miche alisimama. Aliweka mkono juu ya paa la buluu, palipokuwa na joto la jua.

"Nimewasikiliza nyote. Nimemsikiliza fundi huyu na yule mwingine, na jana nimepima kwa mkono wangu. Subira hatarudi barabarani. Hatachomelewa, wala hatauzwa kwa mtu wa kumpanda. Jumatatu fundi ataanza kumfungua. Injini, milango na vioo ni vizima. Viende kwenye magari yenye mifupa. Kilichooza kiende kwenye chuma chakavu. Tukipata gari jingine, kabla sijauliza bei yake, litapandishwa jeki na zulia lake litafunuliwa mbele yangu. Miche itapanda ndani ya trei zenye kitako kisichovuja. Zulia likilowa, litatoka siku ile ile na kuanikwa kwenye kamba ile pale. Mpaka gari hilo lipatikane, mimi na mjukuu wangu tunakwenda shule kwa miguu. Huo ndio uamuzi."