Hawa Kwenye Ekzosi

Kila alasiri, kabla baba yake hajaenda kupeleka vyakula kwa wateja kule Azaiba, Abigail aliipangusa pikipiki mbele ya nyumba yao ya ghorofa, mtaa wa Darsait. Siku hizo pikipiki ilikuwa na ugonjwa. Kila mara baba yake, Nicholas, alipoachia mafuta ili apunguze mwendo, ekzosi ililipuka: pa! pa! Majirani walishtuka, naye Nicholas aliona haya.

Siku moja alifika kwa mlipuko mkubwa kuliko yote. Wavulana waliokuwa wakicheza mpira walikimbilia nyuma ya pikipiki kutazama. Mutasim, jirani yao aliyezoea kuchanganya Kiswahili na Kiarabu, alikuwa akipita kwenda msikitini. Alinyoosha kidole upande wa ekzosi, akasema jambo, akaenda zake. Injini ilikuwa bado inanguruma. Abigail alisikia neno moja tu: hawa.

"Amesema nini?" baba yake aliuliza akivua helmeti.

"Amesema ni hawa. Loai na wenzake wameichezea ekzosi."

Mdomo huponza kichwa, lakini safari hii mdomo wa Abigail ulikuwa umeponza kichwa cha mwenzake. Loai alikuwa mtoto wa Mutasim mwenyewe. Nicholas hakungoja. Alikwenda moja kwa moja kubisha mlango wao.

"Mama Loai, kijana wako ameniharibia pikipiki. Si mimi nasema. Baba yake mwenyewe ndiye aliyewaonyesha kwa kidole."

Bi Balqees, mkewe Mutasim, alimvuta Loai kwa mkono. "Umeigusa pikipiki ya watu?"

"Wallahi sijaigusa, mama!"

"Usiape! Baba yako anaweza kukusingizia?"

"Baba kasema ni mimi?" Loai aliuliza kwa sauti ndogo, machozi yakimtoka.

Abigail, aliyekuwa amemfuata baba yake, alimwonea Loai huruma, na aliogopa sana. Akisema kweli, baba yake ataaibika mbele ya jirani.

"Hakusema Loai," alisema. "Nilisikia 'hawa' tu. Hayo mengine nimeyaongeza mimi."

Mlangoni alisimama Mutasim, ametoka kuswali. Alipoelezwa, alishika kichwa.

"Nlisema hawa inaingia! Hawa, hewa hii tunayovuta! Kiarabu kimeniponyoka. Ukiachia mafuta, mengine hayaungui, yanakwenda kwenye ekzosi yenye moto. Hewa ikipenya hapo, yanalipuka."

Walishuka wote. Mutasim aliwasha injini, akaziba mdomo wa ekzosi kidogo kwa kitambaa kibichi. Sss! Moshi ulichomoza pale ekzosi inapoungana na injini. Gasketi, kizibo cha kwenye maungio hayo, ilikuwa imekwisha. Walipoweka mpya, pikipiki ilipunguza mwendo kimya.

Nicholas alimwomba Loai na mama yake radhi, kisha akamgeukia binti yake.

"Kusema kweli mbele yangu kulihitaji moyo, na nimefurahi. Lakini ukisikia neno moja, niletee moja. Ukiniletea kumi, tisa ni yako, na mtoto wa watu ndiye anayeyalilia."

Abigail alimwendea Loai. "Nisamehe."

"Pikipiki si kitu," Loai alisema. "Nilidhani baba yangu haniamini."