Jiko la Marcelline Lapata Masizi

Kila asubuhi Marcelline aliyafuta vumbi majiko yake ya udongo, akayapanga mbele ya duka lake mjini Koboko. Wifi yake Sephora na mdogo wake Ruffin walipakia machache kwenye baiskeli, wakaenda kuyauza kijijini Lobule. Jioni walirudi nayo yote.

Marcelline alikuwa amechoka. Mara mbili aliwapeleka Arua kwenye mafunzo ya kuuza, na mara mbili walirudi wakiuza vilevile. Sasa karakana ya Arua inayotengeneza majiko ilikuwa imesema: yasipoisha mwezi huu, uwakala atapewa mtu mwingine. Duka lile ndilo lililolisha nyumba nzima. Roho yake ilikuwa juu.

Basi Candiru, mwalimu wao wa mafunzo, akaja mwenyewe kuona. Marcelline hakumung'unya maneno: wauzaji wake, alisema, walikuwa wakisinzia darasani. Candiru akacheka tu, akamuuliza Ruffin wateja wanasemaje.

"Mama moja aliuliza, nikisonga ugali ya muhogo, jiko itaanguka?" Ruffin akasema. "Mimi sijui. Mwalimu, ulitufundisha kupika mbele ya watu. Lakini dada anakataza kuwasha. Anasema jiko ya masizi hakuna mutu atanunua."

 Kweli Marcelline alisema hivyo, tena kwa ukali.

"Hawa walisoma, dada," Candiru akasema. "Duka ndiyo haikuwa tayari. Ukituma mutu kusoma, akirudi mpe kitu ya kufanyia kazi. Mpe muda ya kujaribu. Akikosea, usimgombeze. Bila hiyo, somo inakufa njiani."

Marcelline aliona haya, lakini si mtu wa kununa. Alichagua jiko zuri kuliko yote, akaliwasha, akateleka sufuria ya ugali, akashika mwiko mwenyewe. Jiko likayumba, nusura sufuria ianguke. Wote wakaangua kicheko. Ruffin akasawazisha udongo chini yake, akalibana jiko kwa mawe matatu. Safari hii Sephora alisonga kwa nguvu zake zote, na jiko halikutikisika.

Siku ya soko kule Lobule walimpa mwiko yule mama aliyeuliza. Akasonga, akaonja, akanunua. Wenzake wakafuata. Kabla mwezi haujaisha, karakana ilikuwa inapakia majiko mengine ya duka la Marcelline.

Sasa kila Jumatatu wanapika kwanza, kisha kila mmoja anaeleza alipokosea wiki iliyopita. Marcelline ndiye anayeanza, na mara nyingi makosa yake ni mengi kuliko yao.