Sindano ya Ng'ombe

Kila asubuhi kabla ya shule, Redempta alikamua ng'ombe, akafagia zizi, kisha akanawa mbiombio asichelewe kuhesabiwa namba mstarini. Baba yake, Mzee Mughwai, ndiye aliyewachoma sindano ng'ombe wa kijiji chao cha ujamaa, kule Mgori. Bomba la sindano na dawa alivifungia sandukuni, na akisafiri ufunguo alimwachia Redempta.

Siku moja baba akiwa safarini, Alute, kaka mkubwa, alimfuata zizini.

"Mdogo wangu, niletee bomba na dawa ya ng'ombe. Kimya kimya."

"Ng'ombe gani anaumwa?"

Alute akainamisha kichwa. Ng'ombe alikuwa yeye mwenyewe.

Alieleza kwa shida. Mnadani Mkiwa alivuta bangi na wenzake, akili ikamruka, akalala na mwanamke asiyemjua. Sasa akikojoa alisikia moto, na usaha ulimtoka. Rafiki yake wa bangi alikuwa amejichoma dawa ya ng'ombe, akadai amepona, na angemchoma Alute kwa sindano ileile.

Redempta alishikwa na hasira, na hofu pia. Wifi yake, Martha, alikuwa mjamzito, karibu kujifungua.

"Na wifi je? Na mtoto?"

"Usimwambie! Nitaaibika kijiji kizima."

"Ufunguo sitoi. Twende zahanati, kaka. Usipokwenda, baba akirudi namwambia."

Alute alimtishia, akambembeleza, akamwita mtoto asiye na adabu. Redempta hakusogea hata hatua. Mwishowe Alute akashika njia ya zahanati, dada yake nyuma.

"Shikamoo, mganga," Redempta alisalimu, akabaki nje.

Mganga, Bwana Lazaro, alimpima Alute faraghani. Ulikuwa ugonjwa wa kisonono. Akampa dawa, akamwambia, "Mkeo naye aje leo. Mama akijifungua akiwa na ugonjwa huu, mtoto anaweza kupofuka."

Maneno hayo yalimchoma Alute kuliko sindano yoyote. Alirudi nyumbani akamwambia Martha kila kitu. Martha alilia, akamkaripia bila kumwonea haya, kisha akajifunga khanga akaenda kutibiwa.

Mtoto alizaliwa salama, macho yake mazima. Bwana Lazaro alipokuja kumtazama, Alute aliapa mbele ya wote kwamba bangi ameiacha.

"Vema," alisema mganga. "Bangi ilikupotezea akili, na aibu nusura impotezee mwanao macho. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Dawa ya ng'ombe waachie ng'ombe, sindano ya mwenzio usichangie, na ukiugua, njoo mapema na mwenzi wako. Mtoto huyu anawaona leo kwa sababu shangazi yake alikataa kunyamaza."