Kikopo cha Poda Kutoka Kamukuywa

Jua lilikuwa linazama nilipofika soko la Kamukuywa kutafuta poda. Mwaka ulikuwa 1951, na sikutumwa, nilijituma. Ndui ilikuwa imemwachia mdogo wangu Nekoye mashimo mashavuni. Kesho yake asubuhi shangazi za Wakhungu, karani wa Kitale aliyemposa, walikuwa wanakuja kumtazama. Mchumba wa kwanza alitoroka kwa sababu ya mashangazi wa namna hiyo hiyo. Nekoye aliniambia hawa nao wakimkataa, atajitupa mtoni. Si mtu wa maneno matupu yule, nilimwogopea sana.

Wachuuzi walishafunga. Alibaki mama mmoja tu, ameketi mwisho wa soko. Uso wake ulikuwa laini kama yai. Lakini shingo... shingo ilikuwa ya ajuza.

Hakuniuliza nataka nini. Alinipa kikopo cha bati, akasema ni unga wa jiwe la mlimani, umesagwa mpaka vidole haviusikii. Akanionyesha kwenye shavu langu: chovya ngozi ya sungura kidogo, kung'uta, zungusha polepole kutoka katikati ya uso kwenda nje. Safu nyembamba, halafu nyingine. Ati nisikandike mithili ya mtu anayesiriba nyumba. Poda ilinuka udongo wa shimo lililochimbwa siku hiyo. Nikauliza bei, akakataa.

"Itakayobaki usiimwage," alininong'oneza. "Ataihitaji."

Nyumbani, Kukhu, nyanya yetu, alikuwa anachambua mboga karibu na moto. Nikawasha taa, nikampaka Nekoye vile nilivyofundishwa. Safu ya kwanza, mashimo yakapungua. Ya pili, yakaisha. Poda yenyewe haikuonekana. Ilikuwa ngozi tu, ungedhani amezaliwa hivyo. Nikapiga vigelegele peke yangu, mjinga mimi.

Halafu akaanza kulia.

Bila sauti. Uso haukukunjamana hata kidogo. Machozi tu, yakiteleza bila kuacha alama. Nikamuuliza anaumwa wapi. Nikamtikisa, machozi yakaendelea tu.

Kwetu Wabukusu mtoto mchanga akikataa kunyamaza, huitiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja moja. Likitajwa la yule anayemtaka, ananyamaza, na jina linakuwa lake. Nekoye hakuwa mtoto mchanga, bana. Lakini Kukhu alishikwa na hofu, akafanya alichokijua. Nasambu. Namalwa. Nelima. Machozi yakazidi. Majina yakamwishia, likabaki moja ambalo nyumba yetu haikuwahi kumpa mtoto. Lilikuwa la dada yake Kukhu, aliyekufa akingoja kuchukuliwa na watu wa mumewe.

Kukhu akanitazama. Nikatikisa kichwa, nikimsihi asiliseme.

"Nabwile," akanong'ona.

Kilio kikakatika.

Nekoye akainua uso, akatabasamu.

"Naam, dada," akamwambia nyanya yetu. "Wamekuja kunichukua?"

Usiku ule nilimsugua kwa maji moto na sabuni, huku mimi ndiye ninayelia sasa. Wapi! Hakuna kilichotoka. Asubuhi mashangazi walimpitishia vidole shavuni wakitafuta poda, wakaikosa, wakampenda mno. Aliolewa Kitale na yuko huko hadi leo. Kila mtu anasema ni mke mzuri. Nikienda kumsalimu ananipa chai na kuniuliza, kwa heshima kabisa, mimi ni wa ukoo gani.

Kikopo ninacho. Siku walipomchukua nilitaka kukitupa chooni, lakini nikakifungua kwanza. Poda niliyokuwa nimeisawazisha mwenyewe ilikuwa na vishimo. Vidogo, vimekusanyika upande mmoja, na kimoja kikubwa peke yake chini ya pale ambapo jicho lingekuwa. Nilivijua. Tulilala kitanda kimoja tangu utoto, nilivitazama kila asubuhi.

Na poda ilikuwa imelowa.

Tangu hapo, jua likizama, naisikia ikilia humo ndani, sauti ndogo sana. Nakiweka kikopo mapajani, naita. Nasambu. Namalwa. Nelima. Naita wote waliokufa kwetu, Kukhu naye siku hizi yumo, nikimwomba Mungu anayelia awe mmoja wao. Kilio hakikomi.

Mpaka niite Nekoye.